Namna ya Kupanga Vita vya Chetambe Mezani, Ukiwa Amalemba, Bila Kukosana na Wajomba

Duniani kuna watu wazima, wenye kazi na familia, ambao kila Jumamosi huizunguka meza na kupigana upya vita vilivyokwisha zamani. Wana askari wa risasi wenye kimo cha kidole gumba, waliopakwa rangi hadi kwenye vifungo vya koti. Wana tepu za kupimia mwendo na dadu za kuamua nani afe. Juu ya yote wana orodha ya jeshi: karatasi inayosema una vikosi vingapi, kila kimoja kina alama ngapi, na jumla isizidi kiasi mlichoafikiana. Waprusi waliutunga mchezo huu kwa ajili ya maofisa wao, na mwaka 1824 ofisa mmoja wao, Reisswitz, alikuwa na kanuni kamili zilizochapishwa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H.G. Wells akatoa kitabu chake Little Wars, ili raia wa kawaida nao wapate kutambaa sakafuni na mizinga ya kuchezea. Ikabaki Amalemba.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Amalemba, hapa Kakamega, mwenye meza moja, majirani wenye maoni mengi, na hamu ya kuwa jenerali kabla stima haijapotea. Ufuate hatua kwa hatua. Ukiruka hatua ya nane, usije kulalamika.

Hatua ya kwanza: Achana na Slivnitsa

Wenye mchezo huu wanaipenda sana Balkan ya karne ya 19. Watakuambia uanze na Serbia dhidi ya Bulgaria, Novemba 1885. Usiwalaumu, maana vita hivyo ni kama viliagizwa kwa ajili ya meza. Urusi ilikuwa imewaondoa maofisa wake katika jeshi la Bulgaria, basi makepteni wa Kibulgaria wakakabiliana na majenerali wa Kiserbia. Na pale Slivnitsa, kwa siku tatu, makepteni wakashinda. Pande zote mbili zilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga, na kila upande ulijiona umeonewa. Ukizijumlisha alama zao zinakaribiana. Hata George Bernard Shaw aliona humo mna kicheko, akaandika tamthilia iliyopanda jukwaani mwaka 1894.

Lakini jiulize: hapa Amalemba utampata wapi mtu wa kuitetea heshima ya Serbia? Utamlazimisha kijana wa bodaboda awe Mfalme Milan, naye atakubali kwa sababu umemnunulia chai. Atapoteza nusu ya jeshi lake huku anasoma ujumbe wa simu. Vita visivyo na kinyongo ni ludo tu.

Wala huna haja ya kuifuata Balkan huko iliko, kwa sababu yenyewe ilikwisha kuja huku. Muhammad Ali, aliyeitawala Misri na kuivamia Sudan mwaka 1820 akitafuta, pamoja na mengine, watu wa kuwatia jeshini, alizaliwa Kavala, mji ulioko leo kaskazini mwa Ugiriki. Emin Pasha, gavana wa mwisho wa Misri katika jimbo la Ikweta, alikuwa daktari mzaliwa wa Silesia aliyewahi kuajiriwa na Waosmani katika karantini ya Antivari, kwenye pwani ya Montenegro ya leo. Emin alipoondoka na msafiri Stanley mwaka 1889, askari wake wengi wa Kisudani walibaki karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza, Lugard, akawafuata huko na kuwachukua. Baadhi yao wakaishia kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Kwa hiyo askari aliyefunzwa kwa amri za Kituruki alikuja kulenga shabaha umbali wa safari moja ya matatu kutoka kwako. Hiyo ndiyo Balkan yako. Chagua Chetambe, 1895.

Hatua ya pili: Kijue kisa

Mwaka 1894 Waingereza waliweka kituo kwa Nabongo Mumia wa Wawanga, katika mji ambao misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa imezoea kupumzika, na ambao leo unaitwa Mumias. Ofisa wa kwanza alikuwa Frederick Spire. Mapema mwaka uliofuata akaja Charles William Hobley, mtaalamu wa miamba aliyeletwa Afrika Mashariki na kampuni ya IBEA, akajikuta anatawala watu badala ya kupasua mawe. Sehemu zote hizi zilihesabiwa upande wa Uganda, na zikabaki hivyo hadi 1902.

Baadhi ya askari wa Kisudani walitoroka Mumias na bunduki zao, na bunduki zikafika mikononi mwa Wabukusu, majirani wa Wawanga. Kikosi kilichotumwa kuzidai kikaangamizwa. Ikapita miezi ya kusubiri na kutishana. Agosti 1895 Hobley akawa amekusanya watu wa kutosha. Jeshi lilianza kwa kuishambulia ngome ya Lumboka, katika Bungoma ya leo, kisha likawafuata walionusurika hadi ngome ya Chetambe, kwenye kilima kinachoitazama Webuye.

Na Amalemba? Amalemba haimo kabisa. Makao ya serikali yalihamia Kakamega kutoka Mumias mwaka 1920, robo karne baada ya vita. Ndiyo maana mahali hapa panafaa. Barabara moja inakwenda Mumias, nyingine inakwenda Webuye kupitia Malava, na wapangaji kutoka kote kuwili wananunua sukuma wiki kwa mama mmoja. Hakuna anayeweza kukuambia kwamba umeiweka meza juu ya kaburi la babu yake.

Hatua ya tatu: Tafuta askari

Askari wa risasi wanauzwa Ulaya kwa bei ambayo ukimtajia mkeo, mtapigana vita vingine. Tumia vizibo vya soda. Wacheza drafti wa Kenya wamevitumia miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kuona wafalme wao wamepungukiwa heshima. Zungumza na mwenye kioski akuwekee. Vizibo vya Coca-Cola viwe Wabukusu, vya Fanta Wawanga, vya Sprite Waganda. Wasudani wapate vya Stoney, kwa sababu ni wakali. Kizibo kimoja tu cha Krest, ile ya limau chungu, kiwe Hobley.

Dadu utazipata kwenye ludo ya watoto; uwaombe, usiibe, kwa maana utazihitaji tena. Tepu ya kupimia azima kwa fundi wa nguo. Ng'ombe watakuwa punje 20 za mahindi. Kuta za ngome zifinyange kwa udongo mwekundu wa hapahapa, unashika vizuri. Ila kwanza ondoa mezani vile vitambaa vya kufuma. Majenerali wengi wa Amalemba wamestaafishwa mapema kwa sababu ya kitambaa.

Hatua ya nne: Orodha ya Muungano

Watu husema "jeshi la Waingereza." Andika orodha, kisha urudi kulisema jina hilo bila kucheka.

Hobley, kizibo 1: alama 36. Hapigi wala hapigwi. Kazi yake ni kuelekeza, na kubaki hai hadi 1929 atoe kitabu chake cha kumbukumbu.

Wasudani, vizibo 12, kila kimoja alama 12: jumla 144. Hawa ndio uti wa mgongo. Wanapiga kwa safu, wanajaza risasi haraka, hawakimbii. Angalia kanuni ya mshahara katika hatua ya saba.

Mzinga wa Hotchkiss, 1: alama 150. Vitabu vingine huuita bunduki ya rashasha, vingine mzinga. Mwenye kusimama mbele yake hakupata nafasi ya kuuliza.

Wawanga wa Mumia, vizibo 20, alama 5: jumla 100. Wanazijua njia, wanajua nani ana ng'ombe wangapi, wanamjua adui kwa majina.

Waganda, vizibo 20, alama 5: jumla 100. Wametoka mbali na hawana nia ya kurudi mikono mitupu.

Wamaasai wa Uasin Gishu, vizibo 10, alama 6: jumla 60. Walishindwa na Wamaasai wenzao, wakapata hifadhi kwa Mumia, nao wanalipa kodi ya nyumba kwa mkuki.

Wapagazi, vizibo 10, alama 1: jumla 10. Hawapigani, lakini ukiwapoteza mzinga unabaki Mumias. Reli haikufika Kisumu hadi Desemba 1901. Katika mchezo huu kila risasi ilikuja juu ya kichwa cha mtu.

Jumla kuu: alama 600.

Sasa hesabu Waingereza mezani. Kizibo ni kimoja, tena cha limau. Kwenye vita vyenyewe Wazungu walihesabika kwa vidole. Waliobaki walikuwa muungano, na kila mshirika alikuja na sababu zake mfukoni. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, kila mshirika aandikiwe karatasi ya siri. Mwanga aandike: "Namkomoa jirani wa miaka mingi." Mmaasai aandike: "Ng'ombe." Mganda aandike: "Ng'ombe pia." Msudani aandike: "Mshahara wa miezi iliyopita." Hobley aandike: "Amani na utulivu." Karatasi zikifunuliwa mwishoni, mchezaji Mkenya hatahitaji kufafanuliwa chochote. Ameshaona miungano ikiundwa uchaguzi unapokaribia, kila mshirika akitangaza mbele ya kamera ile sababu ya Hobley.

Hatua ya tano: Orodha ya Wabukusu

Hapa wapya hukosea mapema. Humtafuta jenerali wa Wabukusu, wasimwone, wakamtunga. Usimtunge. Wabukusu hawakuwa na mfalme wa kulingana na Nabongo. Kila kijiji chenye ukuta kilikuwa na omukasa, mkuu wake, na ukoo ulisikiliza wazee wa ukoo. Mezani maana yake ni hii: amri moja haitoki kwa mtu mmoja, bali vizibo vitatu vya wazee vikutane ndani ya sentimita kumi, vikubaliane kwa dadu, ndipo wapiganaji waende. Ni kanuni ya kuudhi. Lakini ukiwahi kukaa kwenye mkutano wa harambee ya mazishi utaikubali.

Wazee, vizibo 3, alama 10: jumla 30.

Wenye mikuki na ngao, vizibo 30, alama 5: jumla 150. Vijana wa rika la Sawa, waliotahiriwa kati ya 1888 na 1898, wawe mbele. Wa rika la Chuma, kaka zao wakubwa, wawe nyuma wakiwaambia wanavyokosea.

Wapiga mishale, vizibo 15, alama 4: jumla 60.

Wenye bunduki za kununua kwa watoro, vizibo 4, alama 10: jumla 40. Dadu ikitoa 1, risasi zimekwisha na hakuna duka.

Ngome ya udongo yenye handaki, 1: alama 20. Tutairudia.

Jumla kuu: alama 300.

Tahadhari mbili za utamaduni. Usiwape Wabukusu isukuti. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, na ingawa inasikika hadi Amalemba kila wikendi ya harusi, haikwenda Lumboka. Kama lazima pawe na muziki, tafuta litungu. La pili, usipange sherehe ya tohara katikati ya mchezo eti kwa sababu ni Agosti. Wabukusu hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, na 1895 haigawanyiki. Kuna mzee atakayeliona kosa hilo kabla hajaketi.

Lipo jambo moja ambalo halimo katika orodha. Ndani ya ngome walikuwamo wanawake na watoto, na ukuta ulipoanguka waliuawa au walitekwa pamoja na mifugo. Vitabu vya Balkan navyo havina safu ya watu wa namna hii, ingawa Plevna, uliozingirwa mwaka 1877, nao ulikuwa mji wenye wakazi. Usiwafanyie kizibo. Acha nafasi tupu katikati ya ngome, upana wa kiganja, na mtu yeyote asiweke kikombe cha chai hapo.

Hatua ya sita: Ugonjwa wa kusawazisha

Alama 600 kwa 300. Hapo mchezaji wa Wabukusu atasimama na kusema mchezo si wa haki. Anasema kweli. Atakupa na dawa tatu, zote za bandia.

Dawa ya kwanza ni kuongeza ushujaa: kila mkuki upandishwe alama, kwa kuwa mashujaa hawakuogopa. Hawakuogopa, sawa, na bado risasi haikuwauliza. Dawa ya pili ni kuwaongezea bunduki hadi wafikie 600. Ukifanya hivyo umepanga vita vingine, na katika vita hivyo Hobley angebaki Mumias akiokota mawe. Dawa ya tatu ni kuupunguzia mzinga nguvu kwa sababu "unaharibu mchezo." Ndiyo, uliuharibu. Ndiyo kazi iliyouleta.

Ukitaka kuelewa kwa nini hesabu haisawaziki, rudi Balkan kidogo. Mwaka 1877 jenerali wa Kituruki, Osman Pasha, alijichimbia Plevna katika mahandaki ya udongo. Warusi walimshambulia mara tatu wakashindwa, na mji ukashikilia kutoka Julai hadi Desemba, hadi njaa ilipofanya kazi ambayo mabomu hayakuiweza. Handaki la Plevna na handaki la Chetambe ni ndugu: udongo umetolewa chini, umewekwa juu, mtu amejificha nyuma. Tofauti ni kwamba Mturuki aliye handakini alikuwa na Peabody-Martini, bunduki iliyofika mbali kuliko ya Mrusi anayekuja. Mbukusu aliye handakini alikuwa na mkuki, na bunduki inayofika mbali ilikuwa ya anayekuja. Kuta za Wabukusu ziliwekwa kumzuia mvamizi wa mkuki, na kwa kazi hiyo zilikuwa imara. Joseph Thomson alipopita nchi ya Wanga mwaka 1883 alivikuta vijiji vya sehemu hizi vimezungushiwa kuta. Zilijengwa kwa vita vilivyojulikana, vikaja vingine.

Kwa hiyo alama za ngome zisiandikwe kabla ya kujua nani ana bunduki ya masafa. Mpe Osman Pasha handaki la alama 20, lina thamani ya 300. Mpe Mbukusu lilelile mbele ya Hotchkiss, linawakusanya watu mahali pamoja. Orodha ya jeshi hujifanya inapima nguvu, kumbe inapima kile ambacho mwandishi wake alikubali kukiona. Iandike ile isiyo sawa, uicheze hivyohivyo.

Hatua ya saba: Kanuni maalum

Mshahara. Kila raundi ya tatu, mchezaji wa Muungano awalipe Wasudani punje moja ya mahindi. Asipolipa, atupe dadu. Ikitoa 1 au 2, wanakaa chini. Si dhihaka: mwaka 1897 Wasudani wa Uganda waliasi kweli, na malipo duni na yaliyochelewa yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Mfanyakazi yeyote wa Kakamega aliyewahi kusubiri mshahara wa mwezi uliopita ataicheza kanuni hii kwa hisia.

Mvua. Saa tisa alasiri mbingu za Kakamega hufunguka, mwezi wowote. Mezani, dadu ya 6 inaleta mvua: mishale inafika nusu ya umbali, wapagazi wanatembea nusu, mzinga unazama tope raundi moja. Kama mvua ya nje na ya mezani zimekuja pamoja, na paa ni bati, simamisheni mchezo. Hakuna amri itakayosikika.

Kugawana. Ng'ombe akitekwa, mshirika aliye karibu naye anaacha kupigana raundi nzima ili amsindikize nyumbani. Mchezaji wa Wabukusu aliyeishika kanuni hii atawatoa ng'ombe wawili makusudi upande wa Waganda.

Kadi ya 1902. Iweke chini ya rundo la kadi tupu, mkivuta moja kila raundi. Mara nyingi haitoki. Ikitoka, soma kwa sauti: miaka saba baada ya Hotchkiss kubomoa ukuta, Hotchkiss mwingine alifika Kaimosi. Wa kwanza ni mzinga, uliobeba jina la mtengenezaji wake Mmarekani, Benjamin Hotchkiss. Wa pili ni Willis Hotchkiss, mmisionari Mkweka, aliyekuja na wenzake Arthur Chilson na Edgar Hole kuhubiri kwamba Mkristo hashiki silaha. Kadi ikitoka, vizibo vyote vinaacha kupiga raundi moja na kukaa kimya, kama ibada ya Wakweka wa zamani inavyotaka. Wachezaji pia. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa kuliko zote.

Hatua ya nane: Wajomba

Ukiwa umecheza nusu saa mlangoni atatokea mtu. Huenda ni khotsa, yaani mjomba wako, kutoka Mumias. Atatazama vizibo vya Fanta, kisha akuulize kwa upole ni nani aliyewaweka Wawanga upande huo. Ukimjibu "historia," umekwisha. Atakueleza kwamba Mumia hakuwa kibaraka bali mwanadiplomasia, kwamba wageni wangekuja tu, kwamba ni afadhali ugeni uingie kwako ukiwa umeshika usukani. Mpe kiti, umwambie: "Khotsa, karibu, chukua Wawanga uwaongoze wewe." Atakataa mara mbili. Mara ya tatu ataomba dadu.

Akitokea mzee wa Kibukusu, ataanza kwa kusahihisha majina ya vilima. Msikilize. Akitokea Mtachoni, atasema ngome ya Chetambe ilikuwa ya Watachoni, kwa sababu Chetambe mwenyewe alikuwa Mtachoni. Hapo usitie neno. Waache wazee hao wawili walizungumze wenyewe, wewe chemsha chai nyingine. Akitokea Mnubi, mpe heshima zaidi, maana yeye ni mjukuu wa vile vizibo vya Stoney, na serikali nyingi zimepita kabla hajahesabiwa kuwa Mkenya kama wengine. Ana haki ya kuuliza kwa nini babu yake analipwa punje.

Kanuni ya mlangoni ni moja: anayeleta hoja anapewa kikosi. Hoja zinapungua haraka.

Hatua ya tisa: Nani ameshinda

Katika vitabu vya Balkan, mshindi ni anayebaki uwanjani. Kwa Chetambe kipimo hicho ni upotevu wa karatasi, kwa sababu utajua jibu kabla ya kumwaga vizibo. Cheza mara kumi, Muungano utabaki uwanjani mara nyingi mno. Pimeni hivi.

Mchezaji wa Muungano apate alama moja kwa kila ng'ombe aliyetekwa, kisha apunguze moja kwa kila mshirika ambaye karatasi yake ya siri haikutimizwa. Atashangaa namna ushindi unavyoyeyuka akianza kulipa watu.

Mchezaji wa Wabukusu apate alama moja kwa kila kizibo kilichotoka ngomeni kikiwa hai, na alama tano kama mtu wa kusimulia alitoka. Hii si huruma, ni kumbukumbu iliyothibitika. Septemba 1947 Elijah Masinde, mchezaji mpira aliyegeuka kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Ilikuwa miaka 52 baada ya vita, na serikali iliyoshinda mwaka 1895 ilitishika hadi mwaka uliofuata ikamfukuzia Lamu. Orodha ya alama haina safu ya kuhesabu jambo hilo. Ongeza safu.

Kisha badilishaneni viti. Aliyekuwa na mzinga aingie ngomeni, aliyekuwa ngomeni apewe Krest. Mchezo wa upande mmoja tu haujaisha, na mtu anayekataa kubadilisha kiti ndiye aliyekuwa akiuhitaji zaidi. Wawanga nao wabadilishwe: khotsa ashike mikuki ya rika la Sawa angalau mara moja, mzee wa Kibukusu ajaribu kuwa Mumia aliye na Hobley sebuleni, Wamaasai wa kuwalisha na majirani wanaomchukia. Baada ya hapo wengi hupunguza sauti wakizungumza habari za usaliti.

Mwisho, malipo. Rudisheni dadu kwa watoto, tepu kwa fundi, udongo nje. Ile soda iliyonunuliwa ili kupata vizibo vya ziada mwenye kioski ameiandika daftarini, na deni halilali. Alilipe mshindi. Yeye ndiye aliyeondoka na ng'ombe.